Pikipiki Inayosimama Masika: Namna ya Kuitunza Ili Iwake Siku ya Haja

Maneno yaliyoandaliwa kusomwa mbele ya wakazi wa kata katika mikutano ya vijiji na vitongoji kabla ya msimu wa mvua



Mkoa wa Katavi hupata mvua zake katika msimu mmoja mrefu, unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo udongo mweusi wa mbuga hulainika na kunata, vijito vilivyokuwa vikavu Septemba hujaa, na njia ya shambani iliyopitika kwa dakika chache wakati wa kiangazi hugeuka kuwa safari ya kupimwa hatua kwa hatua. Barabara za lami zimepunguza taabu ya wasafiri wa masafa marefu. Hata hivyo, mkazi wa Mwese, Mishamo, Ugalla au Karema anajua kwamba kati ya mlango wa nyumba yake na barabara kubwa bado upo mwendo wa matope.

Ndiyo sababu pikipiki nyingi za watu binafsi husimama masika yanapoanza. Pikipiki ya bodaboda wa mjini Mpanda haipumziki, kwa kuwa riziki ya mwenyewe imo ndani ya magurudumu yake. Lakini pikipiki ya mkulima, ya mwalimu, ya mhudumu wa afya au ya kiongozi wa kijiji huegemezwa ukutani, ikitolewa mara moja moja: siku ya mnada, siku ya msiba, au siku ya kufuata mbolea. Wengi hudhani kwamba chombo kilichopumzishwa kimehifadhiwa. Dhana hiyo si sahihi.

Katika nchi za baridi kali, kama Canada na zile za kaskazini mwa Ulaya, waendesha pikipiki huziweka ndani miezi yote ya theluji, nao wamejifunza kuziandaa kabla ya kuzifungia, kwa sababu chombo kinachosimama bila maandalizi huharibika kikiwa kimetulia. Katavi haina theluji, lakini ina masika. Unyevu wa masika hufanya kazi ileile ya uharibifu, na joto huongeza kasi ya kutu.

Tena pikipiki inayotoka mara chache hutoka kwa haja kubwa. Usiku wa mvua mtoto anapopata degedege, au mjamzito anapoanza kutokwa na damu mahali ambapo mtandao wa simu haushiki, familia huikimbilia pikipiki iliyosimama wiki sita. Ikikataa kuwaka, saa moja hupotea kwa kuisukuma na kupiga kiki. Ikiwaka lakini breki zake zimekufa, hatari ya pili huongezwa juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo utunzaji wa pikipiki hiyo haumhusu mwenye nayo peke yake. Unagusa usalama wa kitongoji kizima.

KINACHOHARIBIKA PIKIPIKI INAPOSIMAMA

Cha kwanza ni petroli. Mafuta hayo ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoshika moto upesi, hutangulia kuruka hewani. Kinachobaki huzidi kuwa kizito, na mwishowe huacha utando unaonata kama utomvu. Katika kibakuli cha chini cha kabureta mafuta ni machache, kwa hiyo uharibifu huanza huko mapema kuliko kwenye tangi. Utando huo huziba jeti, yaani kile kitundu chembamba kinachopitisha mafuta kuelekea kwenye silinda. Mwenye pikipiki hupiga kiki hadi jasho limtoke, naye husingizia plagi, kumbe mafuta hayafiki.

Cha pili ni maji ndani ya tangi. Tangi lililo nusu tupu hujaa hewa, na hewa ya masika imebeba unyevu. Usiku bati la tangi linapopoa, unyevu huo huganda kuwa matone na kutiririka chini. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini kabisa, mahali hasa koki inapochota mafuta, huku kutu ikianza kula tangi kwa ndani.

Cha tatu ni betri. Betri ya pikipiki ni ndogo, nayo hupoteza chaji yake polepole hata kama hakuna taa iliyowashwa. Ikiachwa ikiwa imeisha, chembe nyeupe za salfeti hugandamana juu ya vibati vyake vya risasi, na baada ya muda haikubali tena chaji. Betri nyingi zinazotupwa mwezi Mei hazikuisha kwa kazi. Ziliisha kwa kusahauliwa.

Cha nne ni oili. Oili iliyotumika imechanganyika na mvuke wa maji na masalia yenye asidi yatokanayo na kuungua kwa petroli. Ikikaa miezi mitano ndani ya injini, hula kimya kimya vyuma ilivyowekwa kuvilinda.

Mwisho ni viumbe. Katika nyumba nyingi pikipiki hulala chumba kimoja na magunia ya mahindi. Panya wanaofuata mahindi huona chujio la hewa kuwa kiota kizuri, na nyaya za umeme kuwa kitu cha kunolea meno. Nyigu wa udongo nao hujenga ndani ya bomba la moshi, na wakati mwingine huziba hata kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi. Kitundu hicho kikizibwa, pikipiki huwaka vizuri, hutembea kidogo, kisha huzimika njiani kwa sababu mafuta hayawezi kushuka.

MAANDALIZI KABLA YA MVUA

Kazi kubwa ifanyike mara moja, mwishoni mwa Oktoba, kabla njia hazijaharibika na fundi bado anafikika. Haihitaji zaidi ya nusu siku.

Pikipiki ioshwe kwanza. Udongo wa mbuga uliokauka chini ya bampa na kuzunguka mhimili wa gurudumu hufyonza unyevu na kuushikilia kama sifongo. Ioshwe kwa ndoo na kitambaa. Maji ya mpira yenye nguvu yasielekezwe kwenye bearingi, swichi wala kabureta. Isioshwe mtoni pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la meta 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa, na oili inayotiririka kutoka kwenye pikipiki ndiyo inayochotwa na mwenye ndoo aliye chini ya mkondo. Kwa wakazi walio kandokando ya Mto Katuma ipo sababu nyingine inayojieleza yenyewe: viboko na mamba.

Oili ibadilishwe kabla ya pikipiki kusimamishwa, si baada ya masika kwisha. Injini ipashwe moto kwa mwendo mfupi ili uchafu uchanganyike na oili, kisha oili imwagwe yote ingali ya moto. Pikipiki nyingi ndogo za mipigo minne huchukua takriban lita moja, na kipimo sahihi kimo katika kitabu cha mtengenezaji. Itumike oili iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari huwa na viambato vya utelezi vinavyoifanya klachi iteleze. Oili chafu iwekwe kwenye dumu na kupelekwa kwa fundi. Isimwagwe mtaroni wala shambani.

Tangi lijazwe karibu na mdomo ili hewa yenye unyevu ikose nafasi. Petroli inunuliwe kituoni badala ya kwenye chupa za kando ya njia, ambazo hukaa juani na huweza kuingia maji. Baada ya hapo koki ifungwe, na injini iachwe iungurume hadi izimike yenyewe. Kwa njia hiyo kabureta hubaki tupu, na jeti haina cha kuiziba. Huu ndio msaada mkubwa kuliko yote kwa pikipiki inayotoka mara chache, na hauna gharama hata ya shilingi moja. Kila safari ikiisha, kufunga koki kuwe mazoea.

Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, kisha ipakwe oili safi. Wapo wanaotumia oili chafu iliyotoka kwenye injini. Hiyo ina chembe za chuma na hushika mchanga, ikaila cheni na sproketi kama msasa. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni inapaswa kucheza sentimita 2 hadi 3 katikati yake. Iliyokazwa mno hukatika, na iliyolegea mno huruka kwenye sproketi pikipiki inapopanda mlima ikiwa na abiria.

Matairi yajazwe upepo kwa kipimo chake, na pikipiki isimamishwe kwa stendi ya katikati juu ya ubao. Tairi lililobeba uzito miezi mitano likiwa halina upepo hupasuka ubavuni, na ufa huo huonekana siku ya mwendo.

Mwisho ni mahali pa kuiweka. Kibanda chenye paa na kinachopitisha hewa kinafaa kuliko chumba cha kulala, na kinafaa mno kuliko jikoni. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto, nao hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa. Turubai lisibane pikipiki hadi chini, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Magunia ya mahindi yawekwe mbali nayo, na kitambaa kifungwe kwenye mdomo wa bomba la moshi kuzuia nyigu. Kitambaa hicho kiwe cha rangi nyekundu na kining'inie, ili asitokee mtu wa kukisahau.

ROBO SAA KILA WIKI

Kosa linalotendwa na wengi kwa nia njema ni kuiwasha pikipiki dakika mbili kila asubuhi, "isije ikalala." Dakika mbili hazitoshi kuipasha injini moto. Kila petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji. Injini ikiwa ya baridi, mvuke huo hugeuka maji ndani ya bomba la moshi na ndani ya oili. Aidha, stata huchota chaji kubwa kutoka kwenye betri, na dakika mbili haziirudishi.

Njia sahihi ni hii. Mara moja kwa wiki, siku njia inapokauka kidogo, pikipiki itolewe na kuendeshwa kwa robo saa au dakika 20, hadi injini ipate joto kamili. Mwendo huo huchemsha maji yaliyojificha, huirudishia betri chaji, huzungusha bearingi na kufuta kutu nyepesi ndani ya breki za drumu. Ikiwa njia haipitiki kabisa, ni heri isiwashwe, bali isukumwe hatua chache, breki zibanwe mara kadhaa na mkono wa klachi uvutwe ili nyaya zake zisigande. Injini isiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, ambayo huua mtu kabla hajajua kuwa yu hatarini.

Betri ipimwe kila mwezi. Fundi redio au fundi wa sola mwenye mita anaweza kuipima kwa dakika moja. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8, nayo ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe. Chaji ya betri ya gari yenye nguvu kubwa huichemsha na kuiharibu. Kiasi kinachofaa ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, maana yake betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa nusu ampea. Ikiwa ni ya kujazwa maji, iongezwe maji ya betri pekee, si tindikali wala maji ya kisima. Wakati wa kuitoa, waya wa hasi utangulie kufunguliwa, na wakati wa kuirudisha uwe wa mwisho.

USIKU WA DHARURA

Haja inapotokea, jambo la kwanza ni simu. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, namba ya M-mama ni 115, nayo hupigwa bila malipo. Mfumo huo humtafutia mgonjwa gari kutoka nyumbani hadi kituo cha kutolea huduma, na kutoka kituo kimoja hadi kingine. Pikipiki si mahali pa mama mwenye uchungu ikiwa gari linaweza kupatikana. Kazi ya pikipiki ni kwenda penye mtandao kupiga simu hiyo, kumleta mhudumu wa afya kutoka zahanati, kufuata dawa, au kulipokea gari barabara kubwa na kuliongoza hadi nyumbani.

Kabla ya kuondoka, dakika tatu zitumike kwa mambo matano: upepo wa matairi, breki zote mbili, taa ya mbele na ya nyuma, oili, na mafuta. Oili inayoonekana nyeupe kama chai ya maziwa imeingia maji, na pikipiki hiyo isiende safari. Kofia ngumu zivaliwe na dereva na abiria. Matope hayapunguzi ukali wa sheria wala ugumu wa ardhi.

Maji yakiwa yamefunika njia, dereva asiingie kwa kukisia. Kina hakionekani usiku, na maji yanayokimbia huweza kumwondoa mtu na pikipiki yake hata yakiwa hayajafika kiunoni. Hapo ni kusubiri yapungue au kuzunguka, na ikiwa kuna mtu ng'ambo, ujumbe upitishwe kwa sauti au kwa tochi. Baada ya kuvuka dimbwi la kawaida, breki zibanwe taratibu huku pikipiki ikitembea ili zikauke, kwa sababu drumu iliyoloa haishiki.

Pikipiki ikizama na kuzimika, isipigwe kiki. Maji hayagandamizwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo ndani ya silinda, kipande cha chuma kinachoishikilia huweza kupinda. Plagi ifunguliwe kwanza, kiki ipigwe taratibu hadi maji yatoke, chujio la hewa likaushwe, na oili ibadilishwe kabla ya safari nyingine. Kwa hatua hizo pikipiki huweza kurudi kazini siku hiyohiyo. Kwa haraka ya kiki moja, injini yote huweza kufunguliwa.

KAZI YA KITONGOJI

Yote yaliyotajwa yako ndani ya uwezo wa mtu mmoja mwenye spana chache. Lakini katika kitongoji chenye pikipiki nne, si lazima zote nne ziwe tayari kila usiku. Inatosha ijulikane ni ipi iliyo tayari. Mikutano ya vitongoji ya mwezi Oktoba inaweza kukubaliana mambo matatu: ni pikipiki zipi zinaweza kutolewa wakati wa dharura, ni nani wenye leseni ya kuziendesha, na mafuta ya safari hiyo yatatoka wapi. Vikundi vya kuweka na kukopa tayari vina mfuko wa jamii, na lita chache za petroli kwa msimu mzima ni mzigo mwepesi wakibeba wengi. Tarehe ya mwisho ya bima ya kila pikipiki iandikwe pia. Bima nyingi huisha bila kuonwa wakati chombo kimesimama, na ajali haingoji ikatwe nyingine.

Mwezi Mei, njia zikishakauka, kila mwenye pikipiki aifungue upya kwa utaratibu: kitambaa kitolewe kwenye bomba la moshi, chujio la hewa likaguliwe, maji yaliyotuama chini ya tangi yatolewe kupitia koki, breki na cheni zirekebishwe, kisha mwendo wa kwanza uwe wa polepole, karibu na nyumbani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa pikipiki ya masika, ufa ni koki iliyoachwa wazi na betri iliyosahauliwa. Kuziba kwake ni kazi ya robo saa kila wiki, na iwekewe siku yake maalumu kabla ya mvua ya kwanza ya Novemba.